Lete Tembo

Fundi alikuwa anamalizia kupaka rangi mguu wa nne wa jukwaa lake lori lilipoingia kinyumenyume kwenye geti la zahanati. Akageuka, akaliona tangi, akajua palepale kwamba silo.

Walikubaliana tangi la lita elfu mbili. Na kwa elfu mbili, tusimwonee mtu, alikuwa amefanya kazi safi: fremu ya chuma mita mbili kwa mita mbili, miguu minne iliyozikwa kwenye zege, boriti moja ya kupita katikati ili ibebe tumbo la mzigo, na bamba la chuma juu yake. Sasa lililolala ubavu juu ya lori lilikuwa jeusi, nene, na ubavuni limeandikwa kwa herufi nyeupe ambazo hata mlevi angezisoma: LITA 5000.

"Fundi, tumebahatika!" Muuguzi mkuu alitoka ofisini anapiga makofi. "Mfadhili kaongeza. Kasema elfu mbili ni za kunywea kuku. Sasa niambie, litakaa hapo juu?"

Hapa lazima nikueleze jina la huyu bwana, maana bila jina lake hakuna hadithi. Mtaa mzima ulimwita Lete Tembo. Ukimpelekea kiti akuungie mguu, ukauliza, "Kitanibeba lakini?" atakujibu, "Lete tembo." Geti, ngazi, kitanda, chaga ya vyombo: lete tembo. Watoto walimwita hivyo, wateja walimwita hivyo, na mkewe, ambaye alikuwa mfagiaji pale pale zahanati, alikuwa akimwita nyumbani "tembo wangu", wakati mwingine kwa utani na wakati mwingine si kwa utani.

Kabla fundi hajafungua mdomo, mlinzi wa geti akadakia. "Sista, unamuuliza Lete Tembo? Si ndiyo huyo tembo mwenyewe kaletwa!"

Watu wakacheka. Chini ya jukwaa, kwenye kivuli, palikuwa na benchi refu walipokaa akina mama wajawazito kusubiri kupimwa, nao wakacheka huku wameshika matumbo. Mkewe akacheka kuliko wote, fagio la maji mkononi. Ni yeye aliyembembeleza muuguzi mkuu wiki tatu nzima mumewe apewe kazi ile, wakati karakana ilikuwa imekaa miezi bila cheche. Leo alikuwa anavuna, na uso wake uling'aa.

Muda wa kusema ulikuwa huo. Maneno yenyewe hayakuzidi matano: Sista, fremu hii haikupimiwa hilo. Matano tu. Fundi akatazama meno ya watu yaliyokuwa nje, akamtazama mkewe, kisha akasema mawili.

"Lete tembo."

*

Jioni, mezani, mke alisimulia yote upya kwa binti yao aliyekuwa likizo kutoka chuo cha ufundi, mwaka wa pili, ujenzi. Nyumbani walimwita Injinia.

"Tangi gani hilo, mwanangu! Kubwa kama jiko letu. Watu nane wamelivuta kwa kamba mpaka likakaa juu. Wote wanasema, mume wako ndiye fundi. Kesho linajazwa, wageni wa mfadhili wanakuja kupiga picha."

"La lita ngapi?" binti aliuliza.

"Elfu tano."

Binti akaacha kula. "Baba, si ulisema elfu mbili?"

"Waliongeza," fundi alisema na sahani yake.

"Na wewe ukaongeza nini?"

Kijiko cha fundi kilikwaruza sahani mahali pasipokuwa na chakula. Binti akanyanyuka, akachana karatasi ya mwezi uliopita kwenye kalenda, akaigeuza upande mweupe, akachukua penseli.

"Boriti ya kati umeweka ipi?"

"Chaneli, ile ya milimita sitini na tano. Mpya, haina hata kutu."

"Na chini yake hamna nguzo ya katikati?"

"Ya nini? Wewe unanihoji kama polisi kwa nini?" Fundi akajaribu kucheka. "Nililipima mwenyewe. Mimi, mlinzi na wapaka rangi wawili tulipanda tukarukaruka kama vichaa. Halikutoa hata mlio."

"Baba, watu wanne wazima hawafiki hata kilo mia tatu na hamsini. Lita elfu tano za maji ni kilo elfu tano. Tani tano." Alikuwa anaandika haraka, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo kama alivyofanya tangu darasa la kwanza. "Nusu ya mzigo inashuka kwenye boriti ya kati. Mita mbili hewani... Haya. Kwa elfu mbili, chuma kingefanya kazi ya mia moja na arobaini. Mwisho wa usalama ni mia na sitini na tano. Ulikuwa sawa kabisa, baba! Kama vile ulipiga hesabu."

Fundi akainua kichwa. Hakutaka kufurahi, lakini alifurahi.

"Kwa elfu tano," binti alisema polepole, "ni mia tatu arobaini na tano."

"Mia tatu za nini? Machungwa?"

"Za nguvu inayokaza chuma, baba. Kikifika mia mbili na hamsini kinaanza kupinda."

"Na kikipinda?" mama aliuliza.

"Kikipita pale hakirudi, mama. Hata ukiondoa mzigo wote, kinabaki hivyo hivyo."

Fundi akasukuma sahani. Unajua hasira ya mtu aliyekamatwa? Haina adabu. "Nimechomelea tangu hujazaliwa! Macho yangu mekundu haya ndiyo yaliyokupeleka huko chuo, leo unanirudia na penseli? Injinia! Injinia gani, hujawahi hata kushika grainda! Siku utakayosimamisha jukwaa lako ndiyo uje kuhesabu la baba yako."

Binti akaiweka penseli chini. Machozi yalimjaa, naye akayameza, maana kumlilia baba mezani ingekuwa kumwaibisha mara ya pili.

"Usimjibu baba yako wakati anakula," mama alisema, kwa kuwa ndivyo mama husema. Lakini yeye hakuwa akimtazama binti. Alikuwa anautazama mkono wa mumewe. "Tembo wangu. Ni kweli anachosema?"

"Kweli nini? Umesahau unaongea na nani?"

"Sijasahau. Ila pale chini kuna benchi."

"Benchi lipo na litaendelea kuwepo."

"Basi," mke alisema, akakusanya vyombo.

Walipotoka, mmoja kuosha vyombo na mwingine kumpangusia, fundi akaivuta ile karatasi. Alama za juu hazikumwambia kitu. Kulikuwa na herufi zimepanda juu ya nyingine, mistari, vimishale. Yeye hesabu zake alizifanya kwa mifuko ya saruji, mfuko kilo hamsini, kwa sababu mfuko aliwahi kuubeba begani na bega halisahau. Akataka kuikunja. Ndipo akaona chini kabisa, kwa mwandiko mkubwa wa kumwandikia mtu unayemheshimu:

Mifuko ya saruji: uliyopimia, 40. Itakayopanda, 100.

Akaelewa. Wala hakuelewa sasa. Alielewa tangu getini, herufi nyeupe zile zilipogeuka upande wake. Mkewe alikuwa hatua tano kutoka alipokaa, anaosha sufuria, anaimba wimbo fulani nusunusu. Angeweza kumwita. Akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfuko wa shati, akasikiliza wimbo mpaka ukaisha.

*

Asubuhi alitangulia zahanati na mpango kichwani. Ataingia ofisini, afunge mlango, aseme, "Sista, naomba siku mbili niongeze vyuma viwili vitatu." Sauti ya chini, watu wazima wawili, yamekwisha. Njia nzima aliyarudia maneno hayo kama mtoto aliyetumwa dukani.

Lakini pampu ilikuwa inanguruma tangu alfajiri, na mlango wa ofisi ulikuwa wazi, na ofisini mlikuwa na wageni wanne wenye viatu safi.

"Huyu hapa!" muuguzi mkuu alisema. "Huyu ndiye fundi wetu. Muulizeni kama litabeba, mtamsikia."

"Litabeba?" mgeni mmoja aliuliza, mkono ameunyoosha, tabasamu tayari.

Fundi akaupokea mkono. "Karibuni sana," alisema, akatoka nje akijifanya ana haraka.

Akaenda chini ya jukwaa. Alikuwa na uzi wa kunyooshea na nati mbili nene zinazolingana, akafanya lile jambo ambalo mafundi hulifanya wanapotaka kuujua ukweli wa chuma: akaegesha nati moja kila mwisho wa boriti ya kati, upande wa chini, akakaza uzi kupitia chini ya nati zote mbili, ili kati ya uzi na chuma ibaki nafasi ya unene wa nati. Uzi haupindi. Chuma kikishuka, nafasi itapungua. Mlinzi alikuwa anasoma kipimo cha tangi kwa sauti kama mtangazaji wa mpira.

"Elfu moja na mia tano!"

Kidole kizima kilipita kati ya uzi na chuma.

"Elfu mbili!"

Kidole kilipita kwa shida kidogo. Fundi akafuta jasho. Moyoni alisema, elfu mbili ni yangu, hapa bado ni yangu.

"Elfu mbili na mia tano!"

Ukucha.

Kwenye benchi, hatua moja kutoka aliposimama ameinua mikono, walikuwa wamekaa akina mama sita. Mmoja alikuwa anasuka nywele za mwenzake. Mwingine akamtania, "Fundi, unatafuta nini hapo juu, umeficha pete?" Wakacheka. Fundi akacheka. Alikuwa hodari wa kucheka wiki hiyo.

Mkewe alikuwa anapiga deki barazani, naye alimwona. Hajui mambo ya uzi wala ya nati, lakini miaka ishirini na miwili amekuwa akiusoma uso ule. Aliona rangi ya masikio ya mumewe. Akaegemeza fagio ukutani, akaja.

"Akina mama, hebu nyanyukeni kidogo nifagie hapa. Nyanyukeni, dada zangu, nawaomba. Na benchi tulisogeze kule."

"Kule kuna jua, Mama Usafi!"

"Ni dakika mbili tu."

Wakanyanyuka wakinung'unika. Yeye mwenyewe akashika benchi, akalivuta mpaka uwanjani. Muuguzi mkuu, aliyekuwa anawatoa wageni kuja kupiga picha, akasimama katikati ya neno.

"Mama Usafi! Nani kakwambia uwaanike wajawazito juani?"

"Nilitaka kufagia, Sista."

"Umefagia saa moja asubuhi, nimekuona kwa macho yangu. Unanitia aibu mbele ya wageni? Rudisha benchi."

Mke hakusogea. "Nitarudisha baadaye kidogo, Sista."

"Baadaye?" Muuguzi mkuu alishusha sauti, lakini ile ya kushushwa ili isikike zaidi. "Kazi imekuchosha? Sema. Wapo hapo nje ya geti wanaoililia. Kwanza ni huruma yangu tu, wewe na mume wako wote mnakula hapa hapa."

Mgeni mmoja akajifanya anatazama simu. Mke akageuza shingo, akamtazama mumewe. Hakumkonyeza, hakumwita. Alimtazama tu, akangoja.

Na fundi akatazama uzi.

Nimewaona wanaume wakiiba, nimewaona wakikimbia ugomvi. Sijui kama nimeona kitu kidogo na kibaya kama yale macho yaliyorudi kwenye uzi.

"Samahani, Sista," mke alisema. Akainama, akashika ncha moja ya benchi. Hakuna aliyeshika ya pili. Akaliburuza kurudi, miguu ya benchi ikilia juu ya saruji, hatua moja, akapumzika, hatua nyingine, akapumzika, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kumwahi njiani. Akalifikisha. Wale akina mama wakaanza kusogea wakae.

"Ngojeni," aliwaambia. Akakaa yeye. Katikati ya benchi, chini ya boriti kabisa, mikono magotini.

"Sasa huko ndiko kufagia?" muuguzi mkuu aliuliza. Hakuamini macho yake.

"Mguu unaniuma, Sista. Nikipumzika kidogo nitanyanyuka."

"Elfu tatu na mia tano!" mlinzi alitangaza, furaha tele.

Uzi ukagusa chuma.

"Zima pampu," fundi alisema. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi arudie. "Zima hiyo pampu!"

"Kuna nini?" Muuguzi mkuu alimgeukia.

"Rangi." Ndiyo, msomaji, ndivyo alivyosema. "Rangi haijakauka vizuri, Sista. Maji yapumzike kidogo."

"Fundi, tangu lini rangi ikazimiwa pampu?"

Hapo bamba likalia. Mlio mmoja, *ka!*, kama mfuniko wa debe unaobonyezwa na dole gumba. Akina mama wakarudi nyuma wote kwa pamoja. Mke hakunyanyuka. Alifumba macho tu, na mikono magotini ikajikunja ngumi. Mlinzi akakimbilia swichi bila kuambiwa mara ya tatu.

"Sista," fundi alisema, "fremu hii haikupimiwa hilo."

Yalikuwa maneno yale yale matano. Kuyasema hakukuchukua hata pumzi nzima.

"Lakini jana nilikuuliza! Nilikuuliza mbele ya watu!"

Angeweza kusema. Karatasi ilikuwa mfukoni mwa shati, imekunjwa mara nne, inamkwaruza kifua. Akamtazama muuguzi mkuu, akawatazama wageni, akasema, "Jana sikuona, Sista. Nimegundua sasa hivi. Ndiyo maana nikaweka uzi."

Mke akafumbua macho.

Mgeni mwenye simu akasogea, akainua macho kuutazama uzi na nati. Akawaeleza wenzake. Wakatikisa vichwa kwa heshima. "Mafundi wachache sana wangefanya hivi," alisema. "Wengi wangenyamaza, tungekuja kuokota maiti hapa." Akaanza kupiga makofi. Wageni wakafuata, mlinzi akafuata, akina mama wakafuata, na muuguzi mkuu naye, maana afanyeje. Fundi alisimama katikati ya makofi, kichwa kimeinama, na watu wakasema tazama, na unyenyekevu pia anao.

Ilibidi maji yapunguzwe haraka. Wakafungua bomba la chini, maji yakaruka uwanjani, watu wakakimbilia ndoo.

"Mama Usafi, usikae hapo!" muuguzi mkuu aliita. "Huoni maji yanaingia barazani? Lete fagio."

Akanyanyuka, akachukua fagio lake. Fundi akamfuata, akanyoosha mkono. "Nipe nikusaidie."

"Unalowa," mke alimwambia, akaendelea kusukuma maji.

*

Siku tatu zilizofuata fundi alifanya kazi kwa karatasi mpya ya binti yake. Boriti tatu badala ya moja, chaneli ya mia moja kila moja, nguzo ya katikati kwenye zege lake. Binti alisimama naye kila siku, akipima, naye kila kipimo alikifuata bila neno. Siku ya kwanza tu, wakiwa wawili chini ya bamba, alizima mashine, akainua kofia ya kioo usoni, akasema, "Mwanangu, yale ya mezani nisamehe." Binti akasema, "Yameisha, baba." Kumbe kwa mtoto ilikuwa rahisi hivyo.

Tangi lilijazwa mpaka juu. Uzi haukugusa kitu.

Habari zilikuwa zimetembea. Mtaani sasa walimwita Lete Tembo kwa sauti nyingine. "Umeokoa watu sita na vichanga vyao, fundi!" Muuza vocha alitaka kumpa soda. Mteja aliyekuwa ameacha kuja karakana miaka miwili alikuja na geti. "Litakaa?" aliuliza, akingoja jibu analolijua, ameshaanza kutabasamu. Fundi alisema, "Ngoja nipime kwanza," na mteja akapiga paja kwa furaha. Ila kila aliyemsifu alimwongezea mfuko mmoja begani, na hakuwa na wa kumwomba amtue.

Boriti ya zamani aliileta nyumbani. Akailaza uani, akakaza uzi juu yake ncha kwa ncha. Haikuwa na mzigo wowote sasa, ila jua. Kati ya uzi na chuma, katikati, palikuwa na mwanya wa unene wa ukucha. Akaulegeza uzi, akaukaza upya, akaupima mwanya tena. Ukawa ule ule. Binti alipita, akaona, akaenda zake.

Mkewe alikuwa anaanua nguo. Fundi akafuta mikono kwenye suruali, mara mbili, akamsogelea.

"Mama watoto. Siku ile. Ile habari ya benchi..."

"Benchi lipi?"

"Pale Sista alipokusema. Mimi nilikuwa..."

"Benchi limesharudi mahali pake," mke alisema. Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira fundi angejua pa kushika. Akakunja shuka, ncha kwa ncha, peke yake, kwa kidevu, ijapokuwa mtu wa kushika ncha ya pili alikuwa amesimama pale pale na mikono mitupu. Akaingia ndani. Vyombo vikasikika, na maji yakimiminwa kwenye bakuli la kunawia.

Kisha akatokea mlangoni, kanga kajifunga vizuri, akamwita kwa upole kabisa, kama mteja aliyekuja kwa mara ya kwanza.

"Fundi, chakula tayari. Karibu."

Akaingia, akanawa, akala. Chakula kilikuwa kizuri, hata chumvi ilikolea.